Dada Bata, Aliyeomba Kupanda Juu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1995, kifungua mimba wa baba seremala na mama mshonaji. Akiwa na miaka sita alizamisha kichwa kwenye pipa la maji, akishindana na mdogo wake kubana pumzi. Mdogo mtu alitimua mbio akilia, "Mama, dada amekufa!" Dada akaibuka: "Nimeshinda." Mama akafoka, "Wewe ni mtoto au bata?" Jina likaganda. Bakora walikula wote wawili, mshindi na shahidi.

Shule alisoma hapa hapa mtaani, na mwaka 2017 akahitimu diploma ya sayansi ya bahari. Aliimaliza. Katika ukoo huu hilo si jambo dogo. Diploma za wengine bado ziko njiani.

Alifundisha kuogelea kwenye bwawa la shule, hadi Februari 2022 alipokwenda ng'ambo kujitolea katika mradi wa kupanda matumbawe. Alizamia, akafunga vipande hai kwenye fremu za chuma, akasugua mwani usije ukavikaba. Mama alimuuliza kwenye simu, "Wanakulipa?"

"Mama, ni kujitolea."

"Wewe unajitolea. Wao wanatoa nini?"

"Chakula na kitanda."

"Hata jela wanatoa."

Hakuolewa. Mashangazi walipomsumbua alijibu, "Samaki wananitosha, hawaachi soksi sebuleni." Mchumba alikuwepo, fundi umeme, na yumo humu. Mashangazi, sasa mmejua, mwacheni alie.

Machi 2024 alishikwa na mafua yakashuka kifuani. Mzamiaji mwenye kifua kibovu haingii majini, na mkuu wa mradi alimsikia akikohoa. Lakini walikuwa wamefika wageni wanaolipa ili nao wajitolee. Ndiyo, wapo. Mkuu akamwambia, "Leo tu, kesho utapumzika."

Tarehe 21 Machi alishuka na mgeni aliyefundishwa asubuhi moja. Huko chini kifua kikambana. Akainua dole gumba. Kwa wazamiaji dole gumba si "safi", ni "tupande juu, sasa hivi." Mgeni naye akainua lake, akaendelea kutazama samaki. Dada akainua tena. Mgeni akampiga picha.

Mzamiaji hamwachi mwenzake. Alimfuata, akamshika mkono, akampandisha. Mgeni alifika juu mzima. Dada alifika hajitambui, akafariki kwenye boti isiyokuwa na hata mtungi mmoja wa oksijeni. Mgeni alitupigia akilia: "Nilidhani anasema mambo safi." Huyo hatumlaumu. Angejuaje, na waliopaswa kumfundisha walikuwa na haraka ya kumzamisha?

Mradi umeleta shada, pamoja na sentensi wanayotaka isomwe hapa: "Alijitolea maisha yake kwa ajili ya bahari." Mwakilishi wao ameketi safu ya tatu, pole na safari. Mama ameikataa, na badala yake tunasoma maneno yake: "Mwanangu alijitolea kupanda matumbawe. Maisha yake hakumpa mtu. Aliomba kupanda juu, mara mbili."

Ameacha baba, mama, mdogo mmoja, mchumba wake na mashangazi wanne.

Yeye apumzike kwa amani. Waliomshusha wasipumzike mpaka waje waseme kweli mbele ya mama.