Kibati Alichokataa Kurudisha Luhende

Mpendwa wetu Wilhelmina Mayige alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 kijijini Mwamapalala, mtoto wa pili wa Mzee Mayige Jilala na Bi Kabula, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na walimu wake wangekuwa hai wangethibitisha kwamba hesabu aliziweza, kunyamaza hakukuweza.

Mwaka 1974 alihamia Ngulyati kuuza katika duka la shangazi yake, na vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, sarafu ndogo zikaadimika, mtu akanunua chumvi akakosa chenji, ndipo alipokata debe la mafuta ya taa vipande vya mviringo, akavigonga herufi W kwa msumari, akawapa wateja badala ya senti, akiahidi mbele ya watu kwamba kila kibati kitalipwa. Alikuwa msichana tu, mdhamini hana, lakini Ngulyati nzima ilimwamini, na kuaminiwa huko kulimnyima usingizi.

Sarafu ziliporudi aliviita vibati vyote, vikaja akavilipa, isipokuwa kimoja cha Luhende Maduhu, mcheza ngoma, aliyekishona kwenye vazi lake na kukataa katakata kukirudisha, akisema deni likiisha hatakuwa na sababu ya kwenda dukani kila siku. Marehemu alimfokea, akamfuata hadi uwanja wa ngoma, akatishia kumshtaki kwa balozi wa nyumba kumi, mwishowe akacheka, na tarehe 26 Julai 1980 wakafunga ndoa kanisani Bariadi, baada ya Mzee Mayige kupokea ng'ombe wake bila kusamehe hata ndama. Walijaliwa watoto watatu, Danford, Justina na Nancy, waliokua wakisikia kila Krismasi mama akitaka kulipa na baba akijibu, "Bado, mama Danford."

Agosti 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Bariadi na baadaye Mwanza, na tarehe 9 Februari 2025 asubuhi, Mzee Luhende alimwekea kibati kiganjani ili aondoke bila deni la mtu, marehemu akakipapasa, akakitambua, akakirudisha mkononi mwa mumewe na kuufumba mkono huo, akasema, "Bado." Saa nne alituacha, nasi tunaumia sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngulyati, wanakwaya na wafanyabiashara wenzake wa sokoni. Desturi inatutaka tutangaze kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, lakini mdai ni mmoja tu, ameketi hapa mbele, na amekataa kulipwa na sisi.

Mama, pumzika kwa amani, atakuja kukudai mwenyewe.