Aliyefungua Ndiye Hufunga: Mzee Ken Muigai Astaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzihudumia pikipiki za kampuni yetu ya Tarishi Kuria, fundi mkuu wetu, Bwana Ken Muigai, amestaafu. Makaratasi yanasema alistaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Sisi tuliokuwepo tunajua alistaafu Jumanne iliyofuata, kabla kidogo ya chai ya jioni. Ofisi imeniomba niandike ile tarehe ya kwanza, nami nimeiandika.

Mimi ni Selpher wa dawati la kupokea vifurushi. Dawati langu na karakana ya Woodley vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Yote yaliyosemwa upande wa pili nimeyasikia, pamoja na yale yasiyofaa kuchapishwa humu.

Mzee Muigai aliajiriwa mwaka 1994, kampuni ikiwa na pikipiki chache na chumba kimoja katikati ya jiji. Aliajiriwa kuziosha. Mwaka haukuisha kabla hajaanza kuzifungua, na kwa kuwa baada ya kufunguliwa ziliendelea kutembea, hakuna aliyemzuia. Karakana ilipohamia Woodley alihama nayo, yeye, spana zake na birika lake la chai. Amefunza mafundi ambao leo wana karakana zao huko Ngong Road, na bado wanampigia simu wakikwama. Mvua haikuwahi kumzuia kufika kazini.

Jambo moja lilitushinda kuelewa. Mtu huyu aliyetengeneza pikipiki maisha yake yote hakupanda boda boda kamwe. Jioni alitembea kwa miguu kutoka Woodley hadi kwake Kabiria, eti hapandi kitu ambacho hakukifunga mwenyewe. Njiani aliwapigia kelele waendeshaji asiowajua watie cheni mafuta. Wengi walimtukana. Wachache walikuja asubuhi kuuliza ni mafuta gani.

Maneno hayo ya kufunga mwenyewe ndiyo mwiko mkuu wa karakana yetu: aliyefungua injini ndiye huifunga. Mwiko huu una asili yake. Zamani Mzee Muigai alifungua injini moja, kisha akaitwa Kileleshwa kwenda kuokoa pikipiki iliyozimikia njiani. Mwenzake Nzomo, mtu mwema sana, akaona amsaidie, akaifunga. Sasa, ndani ya injini kuna cheni ya taimingi, ile inayozifanya valvu zipande na kushuka kwa zamu na pistoni. Ina alama chini na alama juu, na ni lazima zote zikae mahali pake kabla ya kufunga. Nzomo hakuziangalia, kwa kuwa Muigai si mtu wa kukosea alama. Muigai aliporudi hakuuliza, kwa kuwa Nzomo si mtu wa kufunga bila kuangalia. Heshima tupu! Pikipiki ilipopigwa kiki, pistoni ikazikuta valvu hazijapisha, zikapinda zote mbili.

Tangu siku hiyo Mzee alipiga marufuku wema wa namna hiyo. Ukifungua, ni yako mpaka mwisho, hata uugue. Yeye mwenyewe aliwahi kuja kazini na malaria ili afunge injini ya watu. Aliwahi pia kuchelewa ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wake, akafika wazee wameshakaa, mikono ikinuka petroli, na nasikia shangazi mmoja hajamsamehe mpaka leo.

Basi mwezi wa Mei, Namba Saba ikaanza kelele. Namba Saba ndiyo pikipiki kongwe kuliko zote tulizo nazo, na Kitavi, anayeiendesha, amekataa mpya mara kadhaa, akisema hizo mpya hazina roho ya kupanda vilima vya Kileleshwa na mzigo. Kila asubuhi ilipowashwa ilikuwa kama mtu anayetikisa misumari kwenye mkebe. Mzee alisikiliza akiwa bado getini, akasema cheni ya taimingi imelegea kwa uzee, na kile kifaa kinachoikaza kimefika mwisho wa nguvu zake. Vyote viwili vibadilishwe.

Hapo ndipo alipokosea. Ilibaki siku chache astaafu, na kila mtu alimwambia aiache. Akasema ni kazi ya siku moja, akaifungua. Duka moja mjini likatuletea cheni nzuri na kikazio cha pikipiki nyingine kabisa. Wakaahidi kingine Alhamisi. Alhamisi ikapita. Ijumaa sherehe ikafanyika, tukala pilau na keki, akapewa kiti kizuri cha kupumzikia, akashukuru kwa maneno machache, na Namba Saba ikiwa nyuma ya ukuta, tumbo wazi, imefunikwa kitambaa. Alimkabidhi fundi wake Lornah funguo zote za karakana. Kisha akamwambia mkurugenzi wetu, Bi. Cate, kwamba karakana ni ya Lornah, ila Namba Saba bado ni yake. Watu walicheka. Lornah hakucheka.

Niseme wazi kwa nini. Lornah amefanya kazi chini ya Mzee kwa miaka mingi na ndiye fundi mkuu wetu sasa, lakini baadhi ya waendeshaji walikuwa wameshaanza maneno, kwamba huyu dada bila Mzee hatoboi. Mzee akirudi kuifunga Namba Saba, maneno yao yangepata miguu. Lornah akiifunga, anavunja mwiko wa karakana siku ya kwanza ya ukuu wake, na kitu kikiharibika humo ndani, hakuna atakayemlaumu Mzee. Kwa vyovyote, Lornah ndiye angeumia. Ukuta wangu ni mwembamba, na Ijumaa hiyo baada ya sherehe nilimsikia akizungumza peke yake.

Jumatatu ilikuwa mapumziko ya Madaraka. Jumanne kikazio sahihi kikafika, na Mzee Muigai akafika nyuma yake, amevaa koti la kanisani. Mkewe, Mama Shiko, alipiga simu ofisini kuuliza kama tulimstaafisha kweli au tulimpa kiti tu aje nacho kazini.

Mzee akavua koti, akainama kwenye Namba Saba. Cheni mpya ilikuwa mezani, inang'aa. Hakuigusa. Akachukua ile cheni ya zamani, iliyolegea, akaanza kuirudisha. Akapanga alama, akarudisha kile kikazio kilichochoka, akafunika, akakaza boliti moja baada ya nyingine bila haraka. Waendeshaji walitazamana. Sammy, ambaye hana breki mdomoni, akasema huyu buda uzee umemfika leo leo. Mzee alipomaliza, akapiga kiki. Namba Saba ikawaka na kelele zake zote, misumari na mkebe. Akaizima, akanawa mikono, akatangaza kwamba sasa hana injini iliyo wazi popote Nairobi.

Kisha akageuza kreti ya soda, akaikalia akiwa ameipa pikipiki mgongo, akafungua gazeti.

Lornah ndiye aliyeelewa kwanza: injini imefungwa na aliyeifungua, na atakayeifungua sasa ndiye mwenyewe. Akachukua spana, akaifungua Namba Saba upya, yeye mwenyewe, tangu boliti ya kwanza. Nami simu yangu niliizima, na wateja watanisamehe. Aliifunga cheni kwa waya isitumbukie tumboni mwa injini, akatoa ya zamani, akavuta mpya, akapanga alama za chini na za juu, akaweka kikazio kipya. Akaizungusha injini kwa mkono, polepole, akisikiliza kama kuna mahali inagoma. Haikugoma. Alama zikarudi mahali pake.

Akamwita Mzee aje aziangalie. Mzee, bila kugeuka, akajibu kwamba hiyo injini si yake. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini tangu akae hakuwa amegeuza ukurasa hata mmoja, na sote tuliona. Jamani, nilimhurumia. Lornah akaziangalia alama mara nyingine, akaizungusha tena, akaziangalia tena. Kisha akafunga.

Alipokuwa amepiga goti akiunganisha mpira wa petroli, Mzee Muigai alikunja gazeti, akavaa koti, akampa askari wa geti mkono, akatoka. Lornah hakumwona. Alisimama, akapiga kiki, na Namba Saba ikawaka kimya mpaka Kitavi akauliza kama imewaka kweli. Wote tukageukia kreti tuone uso wa Mzee. Kreti ilikuwa tupu.

Lornah alikimbia hadi getini na spana mkononi. Mzee alikuwa ameshafika mbali, anatembea, hakugeuka. Lornah alirudi amekasirika, akisema mtu gani huyu, hata kungoja asikie inawakaje. Akayasema hayo mara kadhaa. Kisha akaikalia ile kreti, akalia, na sisi tukajifanya tuna vifurushi vya kupanga.

Mzee Muigai, kampuni nzima inakushukuru, nawe unajua hatuna mazoea ya kushukuru. Umetuachia pikipiki zinazotembea na watu wanaojua kuzifungua. Mungu akupe afya, magoti yasikusumbue kwenye kilima cha Kabiria, Mama Shiko akuzoee mchana kutwa nyumbani, na kile kiti ukikalie kweli. Mlango wetu uko wazi kwako na chai ipo kila siku. Ila ukipita ukakuta tumefungua injini, kunywa chai yako uende. Lornah amesema hivyo, na siku hizi akisema, hakuna anayebisha.