Dkt. Chilongani na Umoja wa Kulinda Viti

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Dkt. Gerson Chilongani anastaafu baada ya kufundisha masomo ya ulinzi hapa chuoni Chimwaga kwa miaka kumi na sita. Ni miaka kumi na sita pia mbali na nyumbani kwake Mpwapwa, ambako mkewe, Bi. Yudith, ameahidiwa "mwakani narudi" mara tatu.

Wanafunzi walizoea kumuuliza kwa nini taifa kubwa lijitose vitani kwa ajili ya mshirika mdogo. Aliwakumbusha Wagogo wanavyogawa ng'ombe wao kwenye mazizi ya marafiki. Anayevamia zizi moja amegusa mali ya wengi, na wote watatoka kumkabili. Ndiyo maana, alisema, washirika huweka askari wao mpakani kwa mwenzao mapema, ili adui ajue nani atakuja.

Nadharia hiyo aliijaribu kwetu idarani. Kila msimu wa mitihani Idara ya Uchumi ilibeba viti vyetu bila kuuliza. Dkt. Chilongani akaziunganisha Historia, Jiografia na sisi: kiti cha mmoja ni kiti cha wote. Bwana Mbaruku, mkuu wa Uchumi, alicheka, akabeba sita. Ndipo Daktari akachanganya viti vya idara zote tatu katika kila chumba. Kilipoondoka kimoja, walimu watatu walifika mlangoni kwa Mbaruku, mmoja akiwa bado na chaki mkononi.

Uchumi nao wakajifunza. Wakaacha viti, wakaanza "kuazima" waya wetu wa umeme. Umoja ukakwama: je, kuazima ni uvamizi? Jiografia walisema hapana, maana waya haukuwa wa kwao. Daktari alifurahia ubishi ule kupita kiasi. Hata majeshi makubwa, alisema, yanaumizwa kichwa na adui anayeharibu mitambo ya mawasiliano bila kuvuka mpaka. Tukakubaliana: uchokozi mdogo ujibiwe kidogo, ila siku hiyo hiyo. Tukaenda kuazima birika lao la chai. Waya ulirudi upesi.

Mwezi uliopita uongozi ulimwandalia mkataba mwingine wa miaka miwili, nasi tukashangilia. Kisha Bi. Yudith akampigia simu, ofisi nzima ikasikia: "Baba Loisi, Mbaruku anayaogopa maneno yako. Mimi nimeshayazoea."

Daktari alicheka. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba neno lisilotimizwa halimtishi adui wala halimtulizi rafiki. Mkataba aliurudisha bila saini.

Asante, Daktari, kwa elimu na utani. Mpwapwa ikupokee kwa afya, mvua na usingizi mzuri. Bwana Mbaruku anasema tutakuona tena Januari.

Safari hii Daktari hatarudi.