Dobi Aliyefua Shati la Ushahidi

Waombolezaji, majirani na wateja wa marehemu, mliokaa turubai la kulia na mliokaa turubai la kushoto, poleni. Jana nililetewa karatasi mbili za wasifu wa mama yetu, moja kutoka kwa kaka yangu mkubwa, nyingine kutoka kwa mdogo wangu wa kiume. Katika ya kwanza mama alikuwa mlinzi wa taifa. Katika ya pili alikuwa mama wa mapambano. Nilizisoma zote mbili, nikaona kinyaa, nikazitumia kuwashia mkaa. Wasifu huu mlio nao mkononi nimeuandika mimi, binti yake wa pekee, mtoto wa kati.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 katika chumba cha uani nyuma ya stesheni ya treni. Baba yake alikuwa fundi wa reli na mama yake alikuwa dobi. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuja duniani siku ya kufua, mkunga akaambiwa asubiri kwanza beseni limwagwe. Sijui kama ni kweli, maana mama kwa kutia chumvi hakuwa na mpinzani.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba. Mwalimu wake alikuja nyumbani kumwombea aendelee na masomo. Babu akamjibu kwamba msichana anayeweza kuhesabu mashati ameshahesabu vya kutosha. Babu alikosea, na uzeeni alikiri hivyo mbele yetu.

Basi akafua. Mwaka 1974 alifungua kibanda chake mwenyewe, chenye masinki ya saruji, kamba za kuanikia na pasi ya mkaa. Aliwafulia walimu, wauguzi, wapishi wa hoteli na mabwana harusi wengi kuliko anavyoweza kukumbuka mtu. Ndani ya kila kola alishona alama ya uzi, kila mteja na rangi yake, nguo zisije zikachanganyika. Fundi viatu, jirani yake wa kibanda cha pili, alimwuliza siku moja, "Dada, na ukisahau rangi ya mtu?"

"Nitanusa," akamjibu.

Kwa kufua alijua mengi ya watu: nani amerudi kunywa, nani hasemi na mkewe. Aliyajua na akayanyamazia. Ndiyo maana nyote mliendelea kumletea nguo.

Baba yetu alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa akileta shati moja, lile lile, kila baada ya siku mbili, mpaka mama akamwambia, "Kaka, shati hili litaisha kwa kufuliwa. Sema ulichokuja kusema." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Vita vilipoanza mwaka 2001, kaka yangu alikuwa tayari jeshini. Mdogo wangu aliingia msituni na waasi bila kuaga. Magwanda ya pande zote mbili yakaanza kufika kibandani, ya askari mchana kweupe, ya waasi yakiwa yamefichwa ndani ya mashuka ya wake zao. Mama aliyatia yote kwenye sinki moja. Wambea wakamwita ndumilakuwili. Aliwaambia waje wakague wenyewe, chawa wa huku na chawa wa kule ni ndugu. Usiku wa kwanza nilishindwa kula kwa harufu ya damu ya magwanda yale, yeye alifua. Watu husema damu ni nzito kuliko maji, na mama alikuwa akicheka akisikia hivyo. Dobi anajua kwamba maji huishinda damu, mradi yawe baridi. Ukiimwagia ya moto, inang'ang'ania nguoni milele.

Tarehe 3 Oktoba 2004 kombora lilianguka sokoni, baba akiwa ameinama anaziba pancha. Hadi leo hakuna anayejua lilirushwa na nani. Kaka yangu anajua, anasema ni waasi. Mdogo wangu naye anajua, anasema ni jeshi. Mwaka 2007 mkataba ukatiwa saini, wakubwa wakakumbatiana, wakagawana ofisi, na ndugu zangu nao wakapata za kwao. Ofisi hizo ziko ghorofa moja. Kila mmoja hupanda kwa ngazi yake.

Ikaundwa tume ya kuchunguza yaliyotokea sokoni. Wote wawili wakakumbuka kwamba mama alikuwa amehifadhi shati alilokuwa amevaa baba siku ile. Kaka yangu alitangulia, akaja na mpiga picha.

"Mama, lile shati ni ushahidi. Nipe nilipeleke."

"Ushahidi wa nini? Kwamba baba yenu alikuwa na damu? Hilo nilikuwa nalijua."

Kesho yake akaja mdogo wangu na maneno yale yale, ila yeye alikuja na wapiga picha wawili. Mama akawaambia wote waje Jumamosi. Ijumaa alilitoa shati sandukuni, akaliloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, akalisugua, akalisuuza, akalirudia, kutwa nzima. Doa la miaka ni kazi. Mimi nilikuwa nambadilishia maji, na sikumwona akilia. Jumamosi walipofika walilikuta kwenye kamba, jeupe, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kwenye kola.

"Sasa ni shati," mama aliwaambia. "Anayelitaka alivae."

Hakuna aliyelitaka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu vita, ndugu zangu walikubaliana: wote wawili walimwita mama yao mjinga. Nilikuwepo. Shati alipewa fundi viatu, akalivaa kwenye harusi ya mwanawe, na lilimkaa vizuri.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mama alilima mpaka mpini ukakatika. Kila Jumapili aliandaa meza ya watu wanne, na kila Jumapili simu ililia. Mmoja anauliza, "Na yule anakuja?" Anakuja. "Basi nitapita kesho." Mwingine naye hivyo hivyo. Chakula cha Jumapili tulikuwa tunakila mimi na yeye mpaka Jumanne, na sahani mbili safi alizirudisha kabatini.

Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Kaka yangu akamlaza hospitali aliyoichagua yeye. Mdogo wangu akamhamisha, kwa kuwa daktari aliwahi kutibu watu wa upande ule. Kaka akamrudisha. Mgonjwa wa uzito wa mtoto akabebwa huku na huku kama kabati la urithi, na kila safari alitapika njiani, na ni mimi niliyeshika beseni. Nimefua mengi katika maisha yangu, waombolezaji, lakini sijaona uchafu kama ule.

Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Februari 2023, mbele yangu na muuguzi. Mwili ulikuwa bado na joto wakati ndugu zangu walipokuwa wanabishana ukumbini nani atangaze redioni. Siku mbili kabla, alikuwa amenishika mkono akasema, "Kwenye kaburi la baba yenu walikuja wakubwa wa pande zote, kila mmoja akasema apumzike kwa amani, na mmoja wao ndiye aliyemwua. Mimi msiniambie hivyo. Waniambie wale wawili, kwa pamoja. La sivyo, nyamazeni."

Nilimwuliza, "Na wakikataa, Mama?"

"Basi mtanizika kimya. Lakini wape nafasi."

Marehemu ameacha watoto watatu, wawili kati yao hawasalimiani. Ameacha wajukuu saba, waliojuana wiki hii kwenye foleni ya choo na sasa hawataki kutengana. Ameacha dada mmoja, na jirani yake yule fundi viatu, na kamba zilizojaa nguo zenu, njooni mzichukue.

Chini ya programu mtaona mstari mtupu, pale panapokuwa na sentensi mnayoijua, ile ya kupumzika kwa amani. Mpiga chapa alidhani nimesahau. Sentensi hiyo ina wenyewe, na wapo hapa, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wachimba kaburi nimewaomba wakae chini. Kaka, mdogo wangu, mama aliwasubiri miaka kumi na sita. Sisi tunaweza kuwasubiri mchana huu.