Adeline, na Mashine Ilizaliwa Jikoni Kwangu

Adeline wangu anatoka kazini, na mashine yake wanataka kuiuza kwa kilo, sawa misumari ya kutu! Ile ndiyo habari. Sasa salamu: jambo wote, wafanyakazi wa radio, wasikilizaji, watu wa paroisse, kanisa yetu, majirani wa Bankoko hapa Bunia. Miye ni Mama Adeline, ule anafagiaka studio na kuwapikia chai. Chai yangu mumeikunywa miaka mingi mukiwa munaongea. Leo miye ndiye nitaongea.

Adeline Uyirwoth ametumika miaka makumi tatu. Aliingia mwaka 1986 kwa phonie ya paroisse, ile redio ya kuitana na watu wa mbali, akawa fundi wa radio tangu siku radio ilizaliwa, na atapumuzika tarehe 31 Desemba 2016. Directeur wetu, Bwana Fabrice, ndiye aliniomba niandike wasifu wake kwa programme ya sherehe. Alisema: "Mama ndiye anamujua zaidi. Ukurasa moja tu, maneno ya furaha." Nilikubali mbele ya kusikia habari ya kilo. Furaha iko, sikatai. Lakini hasira iliamuka mapema kuliko furaha, na zote mbili zitaingia hapa. Grâce wa secrétariat ndiye anapiga haya kwa ordinateur, ile kompyuta ya ofisi. Nimemuambia asipunguze kitu.

Mutoto wangu alikuwa na masikio. Wengine wanazaa watoto wa miguu, wa kukimbia. Miye nilizaa wa masikio. Kwa phonie, kama sauti ya Mahagi inakuja imejaa upepo na kelele ya kukaanga, wengine wanasema hakuna kitu, Adeline anasema: "Nyamazeni, kuna mutu mule ndani." Wanawake walikuwa wanakuja kwa dirisha yake. Siku moja mama moja akamuambia pole pole, kinywa karibu na sikio: "Niulizie bwana yangu kule Kasenyi kama angali anavua samaki ao amepata bibi mwingine." Adeline akashika kifaa, akapiga kelele: "Kasenyi, Kasenyi! Bibi ya Léon anauliza kama umepata mwingine!" Kila phonie ya Ituri ilisikia, na mapadri ndani. Jibu ilirudi: "Muambieni ni samaki tu! Ni samaki tu!" Léon alirudi ile wiki. Leo ni mulinzi wetu kwa mulango ya radio, muulizeni.

Ile ilikuwa kazi. Sasa niseme juu ya ugonjwa yake, kwa sababu nyumbani hatukuiita jina ingine. Frère moja, mutawa wa paroisse aliyerudi kwao Ulaya, alimuachia kitabu cha kutengeneza plaketi, zile mbao ndogo ziko ndani ya radio, zenye barabara za shaba juu yake, umeme unapita mule. Watu wanazinunua zimetengenezwa. Adeline alitaka kuzitengeneza yeye mwenyewe, kwangu, jikoni. Hakuna mutu alimutuma. Hakuna mutu alimulipa. Jioni akitoka kazini, hata hajanisalimia sawasawa, ameinama juu ya kipande cha shaba sawa mutu anatafuta chawa.

Mwanzoni alichora zile barabara na vernis, ile rangi ya kucha. Pahali vernis imefunika, shaba inabaki. Pahali haiko, dawa inaikula. Basi kila mara anatumika Mongbwalu ao Mambasa anarudi na vichupa vya vernis nyekundu, na wanawake wa soko wanacheka: "Mama Adeline, huyu binti yako anajipamba kwa sababu ya nani? Vidole vyake tunaviona, viko sawa vya mufanya matofali!" Nilikasirika. Niliwajibu: "Nyinyi munapaka vidole, yeye anapaka akili." Nyumbani nikamugeukia yeye: "Na weye, siku moja tu, paka hata kidole kimoja, nipumuzike!"

Na ile dawa! Wanaiita perchlo. Ni maji ya rangi ya chai nzito, na pahali inaanguka haitoki mpaka Yesu arudi. Iliharibu beseni yangu ya kuogeshea watoto. Iliharibu kikwembe changu cha Pasaka, kile cheupe chenye njiwa. Njiwa wakawa kuku. Ile siku nilimufukuza nje na vitu vyake vyote. Alikaa karibu na choo, akaendelea kutikisa beseni polepole, sawa mutu anabembeleza mutoto. Mvua ikanyesha. Nikamuita aingie. Mutaniambia nilifanya mubaya? Ni miye nilimuzaa.

Lakini ile ugonjwa ilizaa matunda. Alitengeneza kitu kidogo cha kulia, akakificha ndani ya kopo ya sukari: ukifungua kifuniko, mwangaza ukiingia, kinapiga kelele ya panya. Ndugu yake Davy alikamatwa kijiko mukononi, mutu mukubwa, baba ya watoto! Mupaka leo Davy anakunywa chai bila sukari kwangu.

Kisha vita. Sitaandika vita hapa, munaijua. Naandika tu vile tulikuta tuliporudi: radio haina mulango, haina bati, na mashine ya kurusha sauti imebaki sanduku tupu ya chuma, kubwa sawa kabati. Tumbo yake yote walitoa. Ilikuwa ile amani ya kulala na viatu miguuni. Watu walirudi kidogo kidogo, na kila mutu aliuliza: njia gani iko wazi? Nani amerudi? Nani haonekani? Na hakuna sauti ya kujibu. Wakubwa walisema tungoje mashine mupya itoke Kampala. Tukangoja. Kampala haikusema kitu.

Adeline akasema: "Sanduku iko. Tumbo nitaitengeneza kwa mama."

Alichora barabara zote kwa karatasi, mezani pangu, kati ya majani ya sombe na vitunguu. Wakati ule alikuwa ameacha vernis. Alijifunza njia ya pasi. Unatia mchoro kwa photocopie juu ya karatasi ya kung'aa, unaiweka juu ya shaba, unapiga pasi ya makaa, wino unahamia. Karatasi ya kung'aa tulikosa, akang'oa kalenda ya chumba changu. Katsuva, mwenye photocopie karibu na soko, akalia sawa mutu amefiwa: "Dada Adeline, hii karatasi itaua mashine yangu!" Adeline akamuambia: "Mashine yako ikikufa, nani ataifufua Bunia hii? Ingiza karatasi, Katsuva." Akaingiza, macho imefungwa.

Wino kuhama, ilihama vizuri. Pasi yangu, niseme kweli, haikupona. Tukaweka ndani ya perchlo, ile beseni ya watoto, miye mwenyewe nikatikisa. Adeline akatoa, akaosha, akatazama. Akakaa chini.

Alikuwa amesahau kugeuza. Na kila mutu wa ile kazi anajua: mchoro lazima uugeuze kwanza, kwa sababu pasi nayo inageuza, ndipo itoke sawasawa. Yeye aliuandika moja kwa moja, sawa barua. Plaketi yote ikatoka mukono ya kuume kwa ya kushoto. Na ile ilikuwa kipande cha shaba cha mwisho. Njia ya Uganda ilikuwa imefungwa tena ile wiki. Nikamuambia: "Basi, mutoto wangu, tumekosa." Akanijibu na ukali: "Mama, barabara ziko. Ni magari tu yataingia upande ingine." Vile vitu vidogo vyote, vile vinasimamaka upande wa nyuma, akavisimamisha upande wa shaba, juu ya barabara yenyewe. Kila fundi akiifungua anashangaa. Ilikaa tumboni mwa ile mashine mupaka leo, na haikuzimika kwa sababu yake hata mara moja.

Siku ya kuijaribu, nilikuwa jikoni, redio ndogo imewashwa, nangoja. Kwanza upepo. Kisha sauti ya mutoto wangu, safi, mji muzima unasikia: "Mama Adeline wa Bankoko, kama unanisikia, toa maharagi kwa moto, niliyaacha." Yale ndiyo maneno ya kwanza Bunia ilisikia kwa ile mashine! Maharagi yalikuwa yameungua kitambo. Nilisimama barabarani nikalia na sufuria mukononi, na majirani walilia, na watoto waliuliza kama maharagi ndiyo yanaliliwa vile. Tangu ile siku, mulisikia kwa ile mashine njia za wazi, majina ya waliorudi, misa, mipira, bei ya samaki. Munajua wenyewe.

Sasa niseme kitu sijasema kwa mutu. Siye wamama, mutoto wa kwanza akizaliwa, jina yetu inakufa. Tangu nimuzae, miye ni Mama Adeline: kwa soko, kwa kanisa, hata bwana yangu marehemu aliniita vile mupaka kaburini. Ni heshima, siikatai. Lakini fundi wa plaketi anayo desturi: kwa pembeni, ndani ya shaba, anaandika jina. Adeline hakuandika yake. Jioni moja alileta kioo cha kujitazamia mbele ya ile sanduku wazi, kwa sababu maandiko yalikuwa yamegeuka pamoja na kila kitu, akaniambia: "Soma." Nilifika troisième primaire, darasa ya tatu, basi, lakini ile niliisoma. RÉGINE. Ni miye. Katika Bunia yote, jina yangu imeandikwa pahali pamoja, ndani ya shaba.

Na ile ndiyo wanataka kuuza kwa kilo.

Mashine mupya imefika kweli kutoka Kampala. Ni muzuri, inang'aa, na Adeline ndiye aliyeifunga mwenyewe. Hana wivu nayo. Lakini juzi nikifagia nilisikia Directeur kwa simu: camion, lori ya watu wa vyuma vya kale, itapita Jumamosi saa nne, ichukue "ile kabati" mbele wageni hawajaketi. Siku ya sherehe yake yenyewe! Mutu anakula keki ya kumuaga, nje wanavunja tumbo ya kazi yake na nyundo!

Nilienda kwake na ufagio mukononi. "Bwana Directeur, ile mashine tunaiomba."

Akacheka kwa heshima, ile heshima inachoma. "Mama, ni vyuma tu. Mutafanya nini nayo, kabati ya sahani?"

"Sanduku ni ya radio," nikamuambia, "lakini tumbo ni ya jikoni kwangu. Shaba alinunua yeye, pasi ilikuwa yangu, kalenda ilikuwa yangu, beseni ilikuwa yangu."

"Mama, hata kuitoa hapa inaomba watu kumi na wawili."

"Nauliza: ni ndiyo ao hapana?"

Akatazama saa yake, akasema, na Grâce alisikia, na Léon wa mulango alisikia: "Sawa, Mama. Kama uko na mabega ya kuibeba, ibebe mbele ya camion kufika. Ikifika, imekwisha."

Alizani amefunga maneno. Hajui amefungua mulango.

Nilimuambia Adeline. Nilifikiri atafurahi. Akaniambia: "Mama, wacha. Siombi mutu anibebee kazi yangu. Na weye unafikisha miaka ngapi? Watakupima kilo na weye." Kiburi ile, ni miye nilimupa, basi sina mutu wa kulalamikia. Lakini jana, saa ya kufagia, nilimukuta amefungua ile sanduku, anapanguza ile plaketi pole pole na upindo wa kikwembe chake. Hakuniona. Hakuna mutu anapanguza vyuma vya kale.

Kwa hiyo yeye hataomba. Miye naomba, tena na hasira. Weye uliyemupata mutoto wako kwa tangazo lake, uko na mabega. Weye Katsuva, photocopie yako alikufufulia mara ngapi, uko na mabega. Davy, weye na sukari yako, kuja. Vijana wa mupira, chorale, wachukuzi wa soko, hata wale wanawake wa vernis: kujeni, nitasahau yote.

Adeline, mutoto wangu, asante kwa masikio yako, na kwa mikono yako isiyopakwa rangi hata siku moja. Mungu akupe siku ndefu, chai ya moto, na shaba ya kutosha. Beseni mupya nimenunua, iko mulangoni, iharibu. Pahali ya mashine nimeisha kutayarisha jikoni, karibu na dirisha, na kioo nimetundika mbele yake.

Wengine wote: sherehe kwa karatasi ya Directeur inaanza saa tano. Weye kuja mbele ya ile saa, mbele ya camion kufika, viatu vya kazi miguuni, kitambaa cha kuweka begani. Léon amesema mulango itakuwa wazi kuanzia saa moja asubuhi. Ni Jumamosi hii, tarehe kumi na saba Desemba.