Ubeti Ulioachwa

Katika basi la kutoka chuoni, mbele yangu walikaa bibi mwenye ngoma mapajani na binti aliyevaa fulana ya tamasha la tamaduni. Walikuwa hawajuani. "Bibi, umetutoa machozi," binti alianza. "Ukumbi mzima ulisimama."

"Niliruka ubeti, mjukuu wangu. Kwetu mwimbaji akikosea, wasikilizaji humkatiza aanze upya. Nikanyamaza nikisubiri kukatizwa, nyinyi mkanipigia makofi kama nimefunga goli."

Binti alicheka, peke yake. "Lakini wimbo tumeurekodi. Sasa hautapotea."

"Huo wenye kasoro?"

"Basi rudi wiki ijayo, uimbe ule sahihi."

"Ubeti wenyewe siukumbuki. Aliyekuwa akinikatiza ni dada yangu, na tumeshamzika. Nikiwaimbia uongo mtupu, nani atajua?"

"Tutauhifadhi vilevile, Bibi." Nadhani alikusudia kumfariji.

"Ufuteni."

"Hatuwezi. Mwimbaji wa lugha yenu tumekupata wewe peke yako."

"Si ndicho ninachokuambia?" bibi alisema. Basi likasimama, naye akaanza kuteremka na ngoma yake.