Haya ya Kukubali na Haya ya Kuchoka

Benchi letu limebanwa kati ya kinyozi na duka la vipuri, na birika la kahawa halipoi. Asubuhi hiyo nilifika na kompyuta. Nilikuwa nimeunda programu mbili za kupanga zamu hospitalini kwa kujadiliana, kila moja ikimtetea muuguzi wake. Katika jaribio zilibishania Jumamosi, hadi ya pili ikajibu “haya”. Ya kwanza ikaelewa kwamba imekubaliwa. Ya pili ilikuwa imechoka tu kubishana. Wodi ikabaki bila mtu. Mchana ningewaonyesha wakubwa wangu. Kosa lingejirudia, kazi angepewa mwingine.

— Haya ni kukubali, dada, alisema Wakili, aliyepata jina hilo kwa ubishi, si kwa shule.

— Mkeo akikwambia haya, unashangilia? aliuliza Kinyozi.

— Nashangilia.

— Ndiyo maana kahawa unainywea huku.

— Mashine ipime urefu, Wakili aliendelea. Haya fupi, amekubali. Hayaaa, amechoka.

— Zinaandikiana, kaka, nikasema. Hazina sauti.

— Basi ziwekee mama mkwe awe anasikiliza. Mbele ya mkwe nani atathubutu kuchoka?

— Mama mkwe wa kompyuta? nikauliza.

— Na mashemeji wawili, wa kusuluhisha.

— Haya, Wakili, akasema Kinyozi.

— Mmesikia? Amekubali.

— Nimekubali nini?

Wakili alikwama. Nami nikakaribia kumwaga kahawa: haya ya kukubali lazima iweze kumaliziwa. Haya, nitafanya nini? Isiyomalizika si mapatano, ubishi uendelee. Nikaandika kanuni hiyo palepale, wote wawili wakinihemea begani, kisha nikaziachia programu zibishane upya. Zikavutana, zikarushiana sababu, mpaka ya pili ikaandika: “Haya, nitaingia Jumamosi.”

Kinyozi alinipiga kofi la mgongo. Wakili akadai sehemu ya sifa.

Wakati huo dada yake Kinyozi, muuguzi, alikuwa akitoka zamu, akasimama kutazama.

— Ubishi huu zimejifunza kwa nani?

— Kwetu sisi, akajibu Wakili, kifua mbele.

— Mimi nikipangiwa Jumamosi huwa nasema haya, nitaingia, hata mwanangu akiwa na homa. Sijui kubishana. Programu yangu itanitetea vipi?

Nikamsogezea muuguzi nafasi kwenye benchi, nikayafuta yale mapatano ya Jumamosi, tuanze upya na swali lake.